Mabinti wamejaa madarasani, sasa kwanini bado tunaongelea jinsia?

Kila mada ya jinsia ikianza, iwe kwenye kikao cha wazazi, kwenye hiace ya kupanda Kibosho au kwenye grupu la wasapu la ukoo, lazima atokee mtu aseme jamani si mabinti saivi ndio wengi madarasani, Rais mwenyewe ni mama toka 2021, sasa mnalilia nini tena? Na watu wengi wakisikia hivyo wananyamaza kwa sababu kwenye hesabu huyo mtu yuko sahihi. Shule ya msingi wasichana na wavulana wanaingia karibu sawa kwa sawa miaka mingi sasa, na kidato cha 1 mpaka cha 4 kwa nchi nzima wasichana wamewazidi wavulana kidogo. Huku kwetu Kilimanjaro ndio usiseme, wamisionari walifungua shule mapema, kahawa ikalipa ada, na shule za wasichana kama Weruweru, Machame, Ashira na Kibosho zimetoa wanawake wasomi ambao leo ni bibi wa watu.

Kwa hiyo sitaki kubishana na hiyo hesabu. Ninachotaka tuelewane ni kwamba kuingia shule ni jambo moja na kinachomkuta mtoto akishaingia ni jambo lingine kabisa, na hapo katikati kuna vitu vimefungamana, kuna kazi za nyumbani, kuna hela, kuna sheria, kuna mila, kuna ardhi, ukivuta uzi mmoja mingine yote inakuja nayo. Mimi nafundisha sekondari ya kata huku Moshi vijijini, hesabu, kwa hiyo mengi nitakayosema nayaona kila wiki.

Kwanza tukumbuke ilivyokuwa. Zamani hela ikiwa haitoshi watoto wote, anaenda shule wa kiume, na wala siyo kwamba baba alikuwa katili, alikuwa anapiga hesabu tu kwamba huyu atabaki kwenye ukoo na huyu ataolewa aondoke. Ada ya shule ya msingi ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za kata zikaanza kujengwa kwa kasi kuanzia 2006 hivi, Januari 2016 ada ya kidato cha 1 mpaka 4 ikaondolewa, 2022 ikafuata ya kidato cha 5 na 6. Hapo ile hesabu ya baba ikakosa sababu, kama shule ni bure na iko pale chini ya barabara basi na binti aende. Ndio maana mabinti wamejaa. Ni hatua kubwa sana na waliopigania wanastahili heshima yao.

Lakini kilichofutwa ni ada. Muda wa mtoto hakuna aliyeugawa upya.

Chukua kaka na dada wako darasa moja, kidato cha pili, wanatoka shule saa 9 na nusu alasiri, njia ni moja na nyumba ni moja. Wakifika, kaka anaweka begi, anakula kama kuna kilichobaki, kama zamu yake anaangalia ng'ombe wana maji, halafu anatoka, uwanjani au kijiweni, hakuna anayemuuliza. Dada anabadilisha sare, anachukua panga na kamba anashuka kukata majani ya ng'ombe, na wanaojua huku mlimani wanajua majani mazuri hayako karibu, anarudi na mzigo kichwani jua linazama, anachota maji, anawasha moto, anamenya ndizi, anaosha vyombo vya mchana maana mama yuko sokoni Mbuyuni au Kiboriloni toka alfajiri na akirudi naye kachoka. Chakula kinaiva saa 2 usiku. Wanakula. Dada anaosha vyombo tena. Saa 3 na nusu ndio anafungua daftari, na hapo amwogeshe mdogo wake kwanza. Kesho asubuhi nikiwauliza homuweki, wote wawili hawajamaliza, ila kaka ni kwa sababu hakutaka na dada ni kwa sababu alisinzia, mimi nisiyejua nawapa adhabu sawa na kwenye ripoti naandika wote "aongeze bidii".

Wasichana wengi wa darasa langu wakiwa kidato cha kwanza wanakimbizana na wavulana vizuri tu, na kuna muhula unakuta watano wa juu wanne ni mabinti. Kufika kidato cha tatu wanaanza kushuka, hasa hesabu na fizikia, kwa sababu haya masomo hayakubali kusoma kwa kuokoteza, yanataka kukaa saa nzima umeinama unakosea unarudia. Ukifanya maswali matatu ukasinzia umebaki nyuma, na topiki ijayo imejengwa juu ya hiyo uliyoiruka. Ukija kuangalia kidato cha 5 na 6 wasichana wameshapungua, na kwenye PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, wamepungua zaidi, halafu watu wanasema mabinti hawapendi sayansi. Hawapendi vipi wakati kidato cha kwanza walikuwa wanaipenda?

Na sisi walimu tunachangia, nasema hili kwa uchungu maana naliona kwenye shule nyingi sio moja. Asubuhi nani anafagia darasa? Wasichana. Nani anachota maji ya walimu? Wasichana. Wavulana wanabeba madawati siku ikitokea kuna madawati ya kubeba. Monita ni mvulana, msaidizi wake msichana, hakuna aliyeandika hiyo kanuni ila nenda shule kumi utaikuta. Maabara vifaa vikiwa vichache wakawekwa watano watano, mvulana ndio anashika bureti, msichana anaandika majibu kwa sababu ana mwandiko mzuri. Mwisho wa siku kwenye mtihani wa vitendo yule aliyeshika ndio anajua kushika.

Kuna jambo la hedhi ambalo saivi linaongelewa kuliko zamani, afadhali, ila bado linaongelewa nusu nusu. Binti akiwa kwenye siku zake na shule haina maji chooni, haina chumba cha kujisitiri, haina pa kutupa pedi, atabaki nyumbani. Hela nayo iko hapo, pakiti ya pedi ni hela ambayo mama anapima na mafuta ya taa au sukari. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, tukashangilia, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Na kweli dukani hatukuona nafuu ya maana, ila kodi kurudi haikumsaidia binti yeyote, kilichobaki ni shule na shule, kuna mkuu wa shule anatenga kitu kidogo kwenye fedha za uendeshaji ananunua za dharura zikae kwa matroni, na kuna shule binti anaombewa ruhusa na rafiki yake kwa kunong'ona mlangoni mwa ofisi mpaka anapata aibu anaondoka bila ruhusa, halafu anaandikwa mtoro.

Sasa twende Arusha mjini kidogo, Njiro, Sakina, Kijenge, maana mtu anaweza kusema hayo ya kukata majani ni ya vijijini. Mjini kuna binti hafagii wala haoshi vyombo, anatoka shule ya English medium na basi la njano, anakuta chakula, anakaa twisheni mpaka saa 1 na kwenye mtihani anafanya vizuri sana. Muda wake huo umetoka wapi? Umetoka kwa binti mwingine, dada wa kazi, katoka kijijini kwa kusema atatafutiwa hata ufundi cherehani, anaamka saa 10 alfajiri kupasha maji ya kuoga ya mwenzake ambaye pengine wamepishana miaka miwili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomuumiza mtoto wala kumvurugia masomo, ila kazi ya kuanza saa 10 alfajiri mpaka saa 5 usiku siyo nyepesi kwa namna yoyote utakayoipindisha. Hili linaniuma kwa sababu tunahesabu maendeleo ya binti wa sebuleni na hatumhesabu wa jikoni, na wengi wetu tuliosoma tukaajiriwa, akina mama tena, ndio tunaishi hivyo. Wanaume wa nyumba hizo mara nyingi hawamo kabisa kwenye hesabu ya nani anaosha sufuria, kwa hiyo mzigo unahama kutoka kwa mama kwenda kwa binti wa mtu mwingine, na kwa baba haufiki.

Turudi kwenye shule za kata. Kata nyingine ni kubwa, mtoto anatembea saa nzima au zaidi, na mabweni ni machache. Wazazi wanaamua kumpangia chumba karibu na shule, geto, wanne kwenye chumba kimoja, jumapili anapewa mchele kidogo, unga, maharage, na elfu mbili tatu za wiki nzima. Ikifika Jumatano vimeisha. Hapo ndipo anatokea bodaboda wa kumpa lifti bure, mwenye duka wa kumkopesha, chalii wa chips wa kumuongezea mayai. Watu wakisikia mwanafunzi kapata mimba wanasema tamaa, wanasema simu, wanasema utandawazi. Mimi nikifuatilia huwa naikuta njaa ya Jumatano na umbali wa barabara. Takwimu za taifa za utafiti wa afya wa 2022 zinasema asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 wameshawahi kubeba mimba, ule wa 2015/16 ilikuwa asilimia 27, kwa hiyo inapungua ila bado ni zaidi ya mmoja kwenye kila watano.

Na mimba ikishatokea ndio sheria zinaingia, na hapa watu wanachanganya sana mpaka viongozi wa mtaa, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Kuna suala la kufukuzwa. Kanuni za 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 zinasema mwanafunzi anaweza kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuingia kwenye ndoa. Ukizisoma, mimba haijatajwa kwa jina, lakini wakuu wa shule kwa miaka mingi walikuwa wanaiweka kwenye maadili, na upimaji wa mimba wa lazima ukawa kawaida. Juni 2017 Rais Magufuli akiwa Chalinze akatamka hadharani kwamba kwenye utawala wake aliyepata mimba harudi shule ya serikali, na japo hilo lilikuwa tamko tu sio sheria mpya, huku chini lilifanya kazi kuliko sheria. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia, kupitia aliyekuwa Waziri wa Elimu Profesa Joyce Ndalichako, ikatangaza kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali ikiwemo mimba waruhusiwe kurudi kwenye mfumo rasmi, waraka ukatoka na mwongozo ukafuata 2022. Mwaka huohuo 2022 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Afrika ya haki za mtoto ikaona kwamba kuwapima kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao. Kwa hiyo leo mzazi akiambiwa "aliyezaa harudi" anaambiwa kitu kilichopitwa, ana haki ya kuuomba huo mwongozo na kwenda nao kwa afisa elimu wa wilaya.

Kuna suala la aliyempa mimba. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanasema kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa, kifungo miaka 30. Na kwenye Kanuni ya Adhabu, toka ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama yeye mwenyewe alikubali. Nzuri. Ila soma mpaka mwisho wa hicho kifungu utakuta isipokuwa kama ni mkewe na ana miaka 15 au zaidi.

Hiyo isipokuwa imetoka wapi? Imetoka kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, inayomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi wakati mvulana ni mpaka 18, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa miaka 14. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi alilipeleka hili Mahakama Kuu akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa na kuagiza vifungu hivyo virekebishwe ndani ya mwaka mmoja ili miaka iwe 18 kwa wote. Mwaka ukapita na sheria haikuguswa.

Sasa weka hizo zote pamoja uone zinavyomkuta mtoto. Mabinti wawili wana miaka 16, majirani. Mmoja yuko kidato cha pili, ukimuoa ni jela miaka 30. Mwingine aliachia shule njiani, labda mama aliugua akabaki kuuguza, baba akikubali mahari huyo kwa maandishi ya Sheria ya Ndoa anaolewa. Umri ni uleule na mwili ni uleule, kinachomlinda wa kwanza ni sare ya shule. Ndio maana nasema kila kinachomtoa binti shule, maji, majani, njaa ya geto, kukosa pedi, hakimtoi kwenye masomo peke yake, kinamtoa na kwenye ulinzi wa sheria.

Na hata wa kwanza, ile miaka 30 mara nyingi inabaki kwenye karatasi. Familia mbili zinakutana jioni, wazee wanaletewa mbege, inatajwa mbuzi, inatajwa hela ya matunzo, mjomba anasema tusifungane sisi ni majirani, binti anaambiwa polisi aseme hamjui aliyempa mimba. Kesi inakufa kwa kukosa shahidi. Adhabu yenyewe ukubwa wake unasaidia kuiua kesi, maana kumpeleka mtoto wa jirani jela miaka 30 ni kuvunja mtaa mzima, na kama aliyempa mimba ni mwanafunzi mwenzake wa miaka 17 hata mama wa binti anasita. Sisemi adhabu ipunguzwe, nasema ukimtegemea binti wa miaka 16 abebe peke yake ushahidi mbele ya koo mbili usishangae akinyamaza.

Kurudi shule nako mlango umefunguliwa ila swali la kwanza nyumbani ni nani atabaki na mtoto. Bibi ndio jibu la kawaida huku kwetu, na bibi akiwa na nguvu binti anarudi, nimeshaona aliyerudi akafaulu vizuri. Bibi akiwa mgonjwa au hayupo, basi, waraka hauna mikono ya kubeba mtoto. Wengine wanaenda njia mbadala, vituo vya elimu ya watu wazima ambako mtu anasoma masomo ya sekondari kwa muda mfupi zaidi, ni msaada mkubwa ila anakutana na swali lilelile la nani anamshikia mtoto.

Upande wa wafugaji, Monduli, Longido, Ngorongoro, uzi ni huohuo ila umekazwa zaidi kwa sababu kuna ng'ombe wa mahari na kuna ukeketaji, ambao ulipigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18 kwenye sheria ileile ya 1998 na bado Arusha na Manyara ziko kwenye mikoa inayoongoza. Kwa wengi ukeketaji ni tangazo kwamba binti sasa anaoleka, kwa hiyo shule ikifungwa Desemba ndio kipindi cha hatari, na kuna mabinti wanaomba kubaki bwenini likizo. Shule za bweni za wasichana wa Kimasai pale Monduli zimeokoa wengi kwa sababu moja kubwa, zinamkalisha mbali na hicho kipindi.

Wanaosema wavulana wamesahaulika nao wana hoja, tusiwajibu kwa hasira. Mvulana wa huku anaambiwa toka mdogo kwamba mwanaume ni hela, kwa hiyo akifika kidato cha tatu akaona wenzake wanaendesha boda wanarudi na elfu kumi kwa siku, kukaa darasani kunaonekana utoto. Mererani imekula watoto wa kiume wengi, wale wadogo walioitwa nyoka kwa sababu wanapenya kwenye mashimo membamba ya tanzanite. Mlimani anahesabu siku tu apande kama mgumu abebe mizigo ya watalii. Huko kwa wafugaji kijana anachunga. Darasani akikosea anachapwa kuliko msichana na kwa nguvu zaidi, na akilia anachekwa. Kile kinachompa muda mwingi jioni kuliko dada yake ndio hichohicho kinachomwacha bila mtu wa kumuuliza yuko wapi saa 2 usiku, na wengi pombe inawakutia hapo. Kwa hiyo mtu anayetaka kumpunguzia dada vyombo hamnyang'anyi kaka kitu, anampa kaka sababu ya kuwa nyumbani.

Nimeacha ardhi mwisho kwa sababu naona ndiko mizizi ya mengi iliko, hasa kwa sisi Wachaga. Kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, kinaenda kwa wa kiume. Mkubwa anagawiwa chake, kitinda mimba wa kiume anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wakatafute, ndio maana wamesambaa nchi nzima. Binti ataolewa, akale kihamba cha mumewe. Na hapo kuna kauli tamu ambayo karibu kila binti wa Kichaga kaisikia kwa baba yake, "urithi wako wewe ni shule". Baba anaisema kwa upendo, na ni kweli imewasomesha wengi. Lakini angalia, kaka anapata shule na kihamba, dada anapata shule. Shule ikimgomea dada, kwa zile sababu zote za juu, amebaki na nini?

Na hata asipofeli. Nenda Marangu, Machame au Rombo Desemba watu wakirudi kula sikukuu, angalia zile nyumba nzuri za wazazi, uliza nani kajenga. Nyingi utaambiwa ni dada, yule mwenye kazi Dar, yule nesi, yule aliyeko Marekani. Kamjengea mama bati jipya, tailizi, choo cha ndani. Ardhi ni ya nani? Ya kaka, kitinda mimba, ambaye wazazi wakifariki anaweza kesho yake kubadilisha kitasa. Dada akiachika akirudi anaambiwa hapa umekuja kama mgeni, na kama alikuwa na watoto ndio balaa, ukoo unauliza hawa ni wa wapi. Mwanamke anayejua hana pa kurudi anavumilia kipigo, na mabinti zake wanakua wakiona kuvumilia ndio ndoa.

Sheria hapa nayo ina nyuso mbili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila yoyote inayomnyima haina nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 90 ndio tukaipata, ila mahakama ilishatangulia, kwenye kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa kule Kagera, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke naye anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanaume. Sasa upande wa pili, tamko la sheria za mila la 1963 lililoandika kanuni za urithi, ambalo linamweka binti daraja la mwisho la warithi na mjane hapewi fungu kama marehemu kaacha ndugu wa ukoo wake, halijafutwa. Kwa hiyo mume akifa bila wosia, kikao cha ukoo kinaokota ile ya 1963 kwa sababu ndio inayofanana na walivyozoea, na mwanamke mpaka aende mahakamani akapambane na mashemeji zake, nauli yake, wakili wake, huku anaishi nao uzio mmoja.

Lakini urithi ni baada ya kifo, na baba akiwa hai ana uwezo mkubwa ambao wengi hawautumii. Wapo wazazi huku juu wameanza, sio wengi, wanawaita watoto wote wa kike na wa kiume siku moja, wanapima kipande cha binti, wanapanda masale kwenye mpaka kama ilivyo desturi, halafu wanaenda ofisi ya kijiji, halmashauri ya kijiji inapitisha kwenye kikao, muhtasari unaandikwa na kaka wote wanasaini kama mashahidi. Hizo saini za kaka ndio za muhimu kuliko kitu chochote, kwa sababu atakayepinga baadaye ni kaka au mtoto wa kaka. Maneno ya mdomo, hata yasemwe mbele ya padre kwenye Krismasi, baba akishafariki kila mtu anayakumbuka anavyotaka. Kama baba yako yuko hai na anakubali, msisubiri Desemba ijayo, mwombe muhtasari uandikwe, chukua nakala yenye muhuri, na nakala nyingine mwachie mama.